Ulizeni Kabla ya Hina



Mmenizoea kwa habari za mishono na vitambaa. Leo nataka tuzungumze filamu ya Kihindi, na msinicheke, maana habari hii imeanzia hapo hapo kwenye cherehani yangu.

Filamu yenyewe ni Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile ya Raj na Simran. Wengi wa rika langu tuliiona kwenye deki, tumekaa mkekani chumba kizima, kabla hatujaweza hata kulitamka jina lake. Ilitoka Oktoba 1995. Aliyeiongoza, Aditya Chopra, alikuwa na miaka 24 tu na ilikuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza. Shah Rukh Khan ndiye Raj, Kajol ndiye Simran. Ilichukua tuzo 10 za Filmfare. Mjini Mumbai kuna jumba la sinema linaloitwa Maratha Mandir ambalo liliendelea kuionesha mwaka baada ya mwaka, na Desemba 2014 ikatimiza wiki 1,000. Watoto waliozaliwa ilipotoka walikuwa wameshaoa na kuolewa, na filamu bado iko ukutani.

Mie sasa naishi Manchira, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Nilimfuata mume. Kwa asiyejua, ni karibu na mji wa Mugumu, na jina la Manchira wengi wanalijua kwa lile bwawa linalopeleka maji mjini. Bahari iko mbali kweli kweli. Watu wa huku ni wakulima na wafugaji, na hesabu ya mambo makubwa hufanywa kwa ng'ombe. Nilikuja na cherehani yangu na ufundi niliosomea baada ya kumaliza sekondari, nikafungua chumba kimoja cha biashara, na Alhamdulillah riziki inapatikana. Nashonea wanafunzi sare, nashonea kinamama vitenge, na nashonea maharusi. Na maharusi, wawe wa Kiislamu kutoka Mugumu au wa madhehebu mengine, wanakuja na simu mkononi: "Fundi, nataka kama hii ya Simran."

Wanakusudia ile lehenga ya kijani aliyovaa Kajol kwenye wimbo wa hina. Mbunifu wa nguo za Kajol mle alikuwa Manish Malhotra, na kijani kile mpaka leo hakijachuja. Kwa maharusi watakaouliza: sketi ile ni ya mapande, juu imebana na chini imetawanyika, na ukitaka izunguke vizuri ukigeuka, weka mita nne hadi tano, mbali ya bitana. Blauzi ya filamuni ni fupi. Sisi tunaishusha hadi ipite nyonga, tunatia mikono mirefu, na mtandio tunaukata mpana uweze kufunika kifua na kichwa kwa pamoja. Inapendeza na stara ipo. Usiweke mawe mazito kwenye pindo kama utakaa chini siku nzima kupakwa hina, utachoka mapema.

Haya, nguo tumemaliza. Sasa tumtazame anayeivaa.

Sisi watu wa visiwani mapenzi yetu na filamu za Kihindi ni ya siku nyingi. Mabibi zetu walikuwa wakienda Majestic pale Vuga, Empire, na Sultana ambayo baadaye iliitwa Cine Afrique. Kulikuwa na maonesho ya wanawake watupu, mabuibui yamejaa mlangoni, ndani ni vilio na vicheko bila ya mwanamume kuwepo. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa hadi nyimbo zake zikajulikana na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Waimbaji wa taarab wakachukua mahadhi ya filamu wakayatia maneno yetu. Kwa nini tulizipenda hivyo? Kwa sababu za Kizungu zilikuwa na mvulana na msichana tu. Za Kihindi zina baba, mama, bibi, shangazi, ahadi, heshima na jirani atasema nini. Tulijiona mle.

Kwa hiyo tusiitazame Dilwale kama mchezo tu. Itazame kama unavyotazama harusi ya jirani.

Baba yake Simran, Baldev Singh, ana duka London. Miaka mingi nyuma alimwahidi rafiki yake wa Punjab kuwa binti yake ataolewa na mtoto wa rafiki huyo, Kuljeet. Ikaja barua ya kukumbusha ahadi. Simran akaomba ruhusa ya mwezi mmoja atembee Ulaya na mashoga zake kabla ya kuolewa, baba akakubali. Huko akakutana na Raj, mtukutu mmoja ambaye kabla ya hapo alishamdanganya Baldev usiku dukani ili auziwe bia. Wakachelewa treni wao wawili, wakagombana, wakazoeana, wakapendana. Simran aliporudi akamweleza mama yake. Baba akasikia. Asubuhi yake akafungasha familia nzima, wakahamia Punjab, harusi ikaanza kuandaliwa.

Raj akamfuata. Hapa ndipo sifa zake zilipo. Simran alipomwomba watoroke, alikataa. Mama yake Simran alipowaletea vito vyake mwenyewe na kuwaambia waondoke usiku ule, alikataa pia. Alisema atamchukua siku baba atakapompa kwa mkono wake. Nimesikia masomo wawili, kungwi mmoja na mashekhe wasiokiri kuwa wameiona, wakimtaja Raj kama mfano wa kijana anayejua kuwa binti ana walii. Nami nakubali. Kijana anayekwambia mtoroke akueleze kwanza mambo yakiharibika utarudi kwa nani.

Lakini kila nikiirudia, na nimeirudia mara nyingi huku nikitia lesi, naona jambo moja ambalo hatulizungumzi. Baba alisikia, lakini hakuuliza. Mama alijua, akamwambia binti amsahau. Raj mwenyewe, na uungwana wake wote, alimwambia Simran amwachie yeye. Kuljeet alikuja kuoa na bunduki za kuwindia, ana mipango yake. Bibi, shangazi, majirani, wote wanapiga ngoma. Hakuna aliyemketisha Simran mahali pa faragha akamuuliza: wewe mwenyewe, huyu mtu unamtaka au humtaki? Wimbo ule wa hina tunaoucheza kwenye sherehe zetu, yule aliyevaa kijani anapambwa kwa ajili ya ndoa asiyoitaka. Sisi tunaona nguo tu.

Na mama yake ana maneno yanayoniumiza kuliko machozi yote ya Simran. Anamweleza binti yake kuwa alipokuwa mdogo aliambiwa mwanamume na mwanamke ni sawa, kisha masomo yake yakakatishwa ili kaka zake wasome. Alipozaliwa Simran akajiahidi kuwa huyu hatajitoa kafara kama yeye. Halafu anamwomba ajitoe.

Siku moja niliiweka kwenye simu wakati jirani yangu wa Kikurya amekuja kuchukua sketi yake. Akakaa kwenye benchi, akaitazama hadi baba alipomzaba Raj makofi. Akasema, "Huyu mzee ni wa kwetu kabisa. Ameshapokea ng'ombe huyu."

Nikamwambia hakuna ng'ombe mle, ni ahadi tu baina ya marafiki.

"Mama, ahadi ndiyo ng'ombe," akanijibu. Akanieleza nami nikaacha kushona. Ng'ombe wa binti hawakai zizini wakisubiri. Kaka yake naye anatafuta mke, ng'ombe wale wale wanatoka wanakwenda kwa wakwe zake. Binti akikataa baadaye, si baba peke yake anayeaibika. Ng'ombe warudishwe kutoka wapi? Labda ndoa ya kaka itikisike. Kwa hiyo kila anayempenda ana sababu ya kumnyamazisha, na kila mmoja anamnyamazisha kwa upole.

Nikakumbuka masomo ya mama yake Simran yaliyokwenda kwa kaka zake. Nikakumbuka na kwetu. Sisi hatuna ng'ombe, lakini tuna posa iliyopokelewa, tuna kadi zilizochapishwa, tuna ukumbi uliolipiwa, tuna makapu yaliyoletwa na watu wa bwana harusi na majirani wakayahesabu. Yote hayo ni ng'ombe walioshatoka zizini.

Katika mila yetu binti huulizwa. Siku ya ndoa, kabla ya kufungishwa, walii au anayemwakilisha huingia chumbani, biharusi yupo na jamaa zake, akaombwa idhini. Ni jambo zuri na lina asili yake katika dini. Lakini tazameni saa inayoulizwa. Hina na piko zimeshakauka hadi kwenye kiwiko. Singo ya siku kadhaa imeshafanya kazi yake. Pilau liko jikoni. Wanaume wamekaa msikitini. Mwanamke mwenzangu, kwa saa hiyo, msichana wa miaka 19 atasema hapana kwa mdomo upi?

Tunajifichia kwenye ile hadithi ya bikra kwamba ukimya wake ni idhini yake. Hadithi ni sahihi na ni rehema, kwa sababu inamsitiri mwenye haya asilazimike kutamka. Ila ukimya wa haya na ukimya wa hofu havifanani, na mama anavijua vyote viwili kwa mwanawe. Anayeona haya huinama akatabasamu, usiku akawapigia mashoga zake. Anayeogopa huacha kula.

Na hatukai kumtaja Khansa bint Khidam, Allah amridhie. Baba yake alimwoza, naye alikwishawahi kuolewa kabla, na yeye hamtaki yule mume. Akaenda kwa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akaeleza, na ndoa ile ikabatilishwa. Imo katika Sahihi Bukhari. Hakuambiwa ana utovu wa adabu kwa baba yake. Hakuambiwa arudi akasubiri atazoea. Hukumu za walii na bikra zina maelezo yake marefu, hayo muulizeni shekhe mnayemwamini. Mie fundi cherehani nasema lile tu ambalo kila mtu anaweza kuliona: mwanamke alisema, akasikilizwa. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika huku Bara, inaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari.

Sasa niwape kisa cha dukani. Mwaka jana alikuja mama mmoja na binti yake, na kitambaa cha kijani kizuri sana, chenye zari. Harusi ilikuwa wiki tano mbele. Mama akachagua shingo, mama akachagua mikono, mama akanionesha picha ya Simran. Nikachukua futi nikampima binti. Kila nikimuuliza kitu, anamtazama mama, na mama anajibu. Kifua, mama. Urefu, mama. Viatu atakavyovaa vina kisigino au havina, mama.

Mama akapokea simu akatoka nje. Nikamuuliza binti, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, na wewe rangi hii unaipenda?"

Akasema, "Rangi naipenda." Akanyamaza. Kisha akasema, "Ila mie nilitaka nimalize mtihani kwanza. Simchukii mtu. Nilitaka nimalize tu. Hakuna aliyeniuliza."

Sikumwambia atoroke. Sikumwambia amkatalie mzazi. Mama aliporudi nilikunja kile kitambaa nikakiweka mezani, nikamwambia, "Mama, nguo nitashona na itapendeza. Lakini kitambaa nikishakikata hakirudi kuwa kizima. Kakaeni na huyu mtoto leo usiku, wewe na baba yake, mumuulize. Kesho ukiniambia nikate, nakata."

Alikasirika. "Fundi, nimekuletea kushona, sikukuletea kuhukumu." Nikamwambia sihukumu mama yangu, nami ni mzazi. Akatoka na binti yake, kitambaa akakiacha pale pale mezani. Nilijua nimeshapoteza kazi, na mwezi ule kodi ya chumba ilikuwa haijatimia.

Zikapita siku kumi na kitu. Akarudi peke yake jioni, akakaa kwenye lile benchi. Akasema walimuuliza. Akasema usiku wa kwanza hakujibu kitu, wa pili vile vile, wa tatu akamjibu bibi yake. Posa haikuvunjika. Upande wa kijana waliposikia ni habari ya mtihani, walikubali kusubiri, na kijana mwenyewe akasema hata yeye hakujua kuwa kuna mtihani. Yule mama akanambia neno moja ambalo nimelitunza: "Tulikuwa tunaogopa atasema hamtaki, kumbe alitaka miezi minane."

Kitambaa bado kiko kwenye rafu yangu, nimekifunika na gazeti kisiingie vumbi.

Sasa nasema na nyinyi maharusi. Usisubiri siku ya idhini. Siku posa inapoingia, au hata inaponukia tu, sema lililo moyoni kwa mtu anayeweza kulibeba. Kama baba humwezi, mwambie bibi. Kama mama anakukatiza, nenda kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mwalimu wako wa madrasa. Sema kwa ufasaha: simtaki, au namtaka lakini si sasa, au namtaka lakini nataka kujua ataniweka wapi na nitaendelea na kazi yangu au la. Hayo ni majibu matatu tofauti, na wazazi wakisikia kwikwi tu hawawezi kuyatenganisha. Swali istikhara yako. Na kama unayemtaka ni mwengine, aje mlangoni kwa watu wake. Raj alikuja, na alikuwa mwizi wa bia.

Na sisi mama, masomo na mashangazi. Tukumbuke kuwa mama yake Simran alimpa mwanawe njia mbili: sahau, au kimbia. Ya tatu ilikuwa ni yeye mama kwenda kwa mumewe akamwambia, mwanao hataki, tukae tuzungumze. Ni ngumu, najua. Ndiyo maana filamu inakwenda zaidi ya saa tatu. Lakini sisi tunao muda, tukianza mapema. Muulizeni binti peke yake, mlango umefungwa, simu imezimwa, na hakuna kapu lililopokelewa bado. Akinyamaza, msichukue ukimya ule mkaondoka nao. Ulizeni tena kesho.

Mwisho wa filamu mnaujua. Treni inaondoka, Raj yuko mlangoni anavuja damu, baba amemshika Simran mkono, Simran analia aachiliwe. Kisha kile kiganja kinafunguka na baba anamwambia aende. Tunalia kila mara, hata mie. Lakini tazameni tena: ilibidi treni iondoke na mtu apigwe hadi damu imtoke ndipo baba aone lililokuwa usoni mwa mwanawe tangu London. Sisi tusingoje treni. Huku Manchira wala haipiti.

Nguo za msimu wa harusi naanza kupokea wiki ijayo. Mje na vipimo vyenu, na biharusi aje mwenyewe, rangi ataichagua yeye.

Wabillahi tawfiq.